Je, wajua? Rose Bowl, mechi ya Mwaka Mpya

Wapenzi wa soka wanaukumbuka uwanja wa Rose Bowl kwa penalti ya Roberto Baggio, aliyeupaisha mpira juu ya goli mwaka 1994 na Brazil ikabeba Kombe la Dunia. Lakini watu wa Pasadena, California, hawakuujenga kwa ajili ya soka. Waliujengea mechi ya vyuo vikuu inayochezwa mara moja kwa mwaka, ya futiboli ya Kimarekani, ile ya mpira uliochongoka ncha mbili.

Mechi yenyewe ni kongwe kuliko uwanja. Tangu 1890 mji huo ulikuwa na gwaride la maua kila Mwaka Mpya, ili Wamarekani wa mashariki, ambao Januari wako kwenye theluji, waone kwamba kule mawaridi yanachanua. Mwaka 1902 waandaaji wakaongeza futiboli. Michigan iliichabanga Stanford 49-0, na Stanford wakaacha kucheza kabla muda haujaisha. Waandaaji wakaona bora mashindano ya vigari vya kukokotwa na farasi. Futiboli haikurudi hadi 1916.

Iliporudi, ilivuta umati ambao uwanja wa zamani haukuutosha. Mbunifu Myron Hunt akafuata mfano wa uwanja wa Chuo Kikuu cha Yale, uliofunguliwa 1914: chimba shimo, udongo wake urundike pembeni, kisha panga viti juu ya mteremko. Umbo linalotokea ni la bakuli, na ndiyo maana ukaitwa Bowl. Jina likaenea. Leo mechi za aina hiyo baada ya msimu zinafika 40 hivi, na zote zinaitwa bowl, hata zinazochezwa chini ya paa. Ya kwanza kwenye uwanja mpya, Januari 1, 1923, ilichelewa kuanza kwa sababu Penn State walikwama kwenye foleni ya magari. USC wakawafunga 14-3.

Kwangu mimi, hakuna Rose Bowl iliyoizidi ya 1929, California dhidi ya Georgia Tech. Mpira ulimponyoka mchezaji wa Georgia Tech, Roy Riegels wa California akauokota, akageuka katika purukushani, akatimua mbio kuelekea lango lake mwenyewe. Alikimbia kama mita 60. Mwenzake, Benny Lom, alimfukuza huku akimpigia kelele, akamdaka hatua chache kabla ya mstari, lakini wapinzani walikuwa wamefika, wakawaangusha. California walipojaribu kuupiga mpira mbali na hatari, ukazuiwa, na Georgia Tech wakapata pointi mbili. Matokeo ya mwisho: Georgia Tech walishinda 8-7.

Wakati wa mapumziko Riegels alilia, akasema hawezi kurudi. Kocha Nibs Price alimrudisha, na kipindi cha pili akacheza kwa nguvu, hata akazuia mkwaju wa wapinzani. Msimu uliofuata alikuwa nahodha. Watu wengi wanajua zile mita 60 tu, na hawamtendei haki.

Mwaka 1942, wiki chache baada ya Wajapani kushambulia Pearl Harbor, serikali iliogopa mkusanyiko mkubwa kwenye pwani ya Pasifiki. Mechi ikahamishiwa Durham, North Carolina, nyumbani kwa chuo cha Duke, na Oregon State wakawafunga wenyeji hao 20-16.

Kuanzia 1947 ulikuwepo mkataba: bingwa wa vyuo vya pwani ya magharibi akutane na bingwa wa Big Ten, kundi la vyuo vya katikati ya nchi. Desturi hiyo ilidumu miongo mingi, na naisikitikia. Sasa Rose Bowl ni hatua ya mchujo wa kumpata bingwa wa taifa. Januari 1, 2025 ilikuwa robo fainali, Ohio State wakiifunga Oregon 41-21. Oregon, chuo cha magharibi kabisa, siku hiyo walicheza wakiwa mabingwa wa Big Ten.