Petroli ikimwagika mtoni, nani analipa?



Kila mara mbunge anashuka huku Yanonge, maswali yetu ni yale yale: barabara, umeme, mishahara ya walimu. Ni sawa kabisa. Lakini kuko swali moja ambalo sijalisikia bado: petroli ikimwagika mu mto, nani atatulipa, na kwa sheria gani? Mimi nilisoma sheria, basi acha nieleze kidogo.

Swali hili si la ndoto. Mu Julai 2022 serikali iliweka sokoni maeneo 27 ya petroli na 3 ya gesi. Mu Oktoba 2024 waziri Aimé Sakombi Molendo akavunja ile mnada. Mwaka 2025 yakarudi tena, safari hii maeneo 52 mu Bonde la Kati, na yanaingia sana mu Couloir vert Kivu-Kinshasa ambayo serikali yenyewe ilikuwa imetoka kuunda.

Mama Ève Bazaiba, mtu wa Tshopo, aliyekuwa waziri wa mazingira, alisema mwaka 2022 kama vile tunahitaji hewa, tunahitaji mukate pia. Wengi walimukasirikia. Mimi sikukasirika: nani hapa hapendi mukate? Tunapika na kuni na makala, na kituo cha umeme cha maporomoko ya Tshopo kule Kisangani kilijengwa wakati wa Wabelgiji. Ila petroli ya chini ya udongo si umeme wa Yanonge. Muanda wanatoa petroli tangu miaka ya 1970. Inauzwa inje, na sisi tunanunua mafuta iliyotoka ng'ambo.

Sasa, sheria inasema nini? Katiba yetu, kifungu cha 54, inasema uchafuzi au uharibifu wowote unaotoka mu kazi ya biashara unaleta fidia au matengenezo. Sheria ya mazingira ya 9 Julai 2011 inaongeza: anayechafua njo analipa. Kwa madini, Code minier tangu 2018 inaenda mbali zaidi: kampuni inalipa hata kama haikufanya kosa. Nyuma ya zote kuko kile kifungu cha 258 tulichokariri wote mu auditoire, cha mwaka 1888: kosa, hasara, na kamba inayofunga kosa na hasara. Mbunge akikuambia sheria hakuna, umukatalie kwa heshima. Iko.

Shida iko ku ushahidi. Hata pale hauombwi kuonyesha kosa, hasara yako utaionyesha wewe mwenyewe. Mvuvi Mulokele anakuja mbele ya juge, anasema samaki imepungua. Wakili wa kampuni anamuuliza: ulikuwa unapata kilo ngapi mbele? Nani alipima? Na nani anajua kama si nyavu za matundu madogo njo zilimaliza samaki? Hapo kesi inakufa.

Angalieni Bodo, kule Nigeria. Mwaka 2008 bomba la Shell lilipasuka mara mbili, petroli ikajaa mu mikoko na vijito vya wavuvi. Kampuni ilipigia hesabu umwagikaji mdogo, baadaye ikakubali kwamba ilikuwa mkubwa kuliko ile ilisema. Watu walienda mpaka korti ya London. Mu Januari 2015 wakakubaliana pauni milioni 55: 35 kwa watu 15,600, na 20 kwa jamii. Gawanya wewe mwenyewe, ni kama pauni 2,200 kwa mtu, nyuma ya miaka saba. Na bado kusafisha kulikuwa kunangoja. Kwa upande wa Muanda, mashirika Sherpa na Les Amis de la Terre yalipeleka Perenco mu korti ya Paris mu Novemba 2022, kampuni inakana.

Na tusingoje visima. Mafuta inayoenda Kisangani inapanda mto ndani ya baji, inapita mbele yetu hapa. Baji ikizama usiku, maswali ni yale yale.

Kwa hiyo mbunge akirudi, nitamuomba mambo mawili tu. Kwanza, mbele ya mtambo wowote kushuka, maji, samaki na mashamba vipimwe kwa gharama ya kampuni, lakini si na mutu wa kampuni; Unikis iko na Fakilte ya Sayansi. Pili, zile karatasi za vipimo zibakie ku grupema, mu Kilokele na mu Kiswahili, si mu ofisi ya Kinshasa tu. Kama anakataa, aseme sababu mbele ya watu.

Wakati tunangoja, sisi wasomi tunaweza kuanza na daftari. Upana wa shamba la baba, idadi ya mitego ya samaki, kilo za siku ya soko, tarehe, sahihi ya chifu. Picha ya telefone pia inasaidia, ila mutume kwa mutu mwingine aihifadhi, juu telefone zetu munazijua.