Likasi: Ilunga wa kwenye sinema hakuwa Ilunga wetu

LIKASI – Ukiita "Ilunga!" kwa sauti katika barabara ya Buluo saa za mchana, si mtu mmoja tu atakayegeuka. Kuna Ilunga wa garaji, Ilunga mwalimu, na Ilunga mtoto wa jirani aliyetumwa kununua makala. Ndiyo maana mpenzi wa sinema za zamani katika mtaa huu hawezi kuitazama The Nun's Story kama anavyoitazama mtu wa Paris au Los Angeles.

Filamu hiyo ya Kimarekani ilitoka mwaka 1959. Nyota wake ni Audrey Hepburn, naye anacheza Sista Luke, mtawa Mbelgiji anayetumwa Kongo kufanya kazi ya uuguzi. Kando yake hospitalini wako Waafrika wawili wenye majina ambayo mtu wa Katanga anayafahamu vizuri. Mmoja anaitwa Ilunga, jina la Kiluba. Mwingine anaitwa Kalulu, neno ambalo katika lugha nyingi za hapa kwetu ni sungura, yule mjanja wa hadithi za jioni.

Lakini Ilunga huyo alichezwa na Errol John, mwigizaji na mwandishi wa michezo ya kuigiza kutoka Trinidad. Kalulu alichezwa na Orlando Martins, mzaliwa wa Lagos, Nigeria. Wote wawili walikuwa waigizaji wazuri, waliojulikana London, na hakuna wa kuwalaumu kwa kufanya kazi yao. Majina ndiyo yalitoka Kongo. Sura zilitoka mbali.

Jambo hili lingekuwa dogo kama filamu yote ingetengenezwa Ulaya. Haikuwa hivyo. Mwanzoni mwa mwaka 1958 mwongozaji Fred Zinnemann alileta watu wake na mashine zake Stanleyville, Kisangani ya leo, na picha za Kongo zikachukuliwa huko na Yakusu, kituo cha wamisionari kilichojulikana kwa hospitali yake. Audrey Hepburn, ambaye wakati ule alikuwa kati ya wanawake waliojulikana kuliko wote duniani, alitembea kwenye ardhi ya Kongo akiwa amevaa nguo za mtawa. Wagonjwa, wauguzi, wapiga makasia na watoto wanaoonekana nyuma yake ni Wakongo wa kweli. Filamu ilipendekezwa kwa tuzo 8 za Oscar, haikupata hata moja. Leo habari zake zinapatikana kwa wingi kwenye intaneti: mavazi ya Hepburn, barua zake, uzito wake, chakula chake. Wale walio nyuma yake hawana hata mstari mmoja.

Mtoto wa Kisangani aliyekuwa na miaka 10 siku zile alizaliwa mwaka 1948. Mwenye kutaka kuulizia, hesabu ni hiyo.

Bogart kwenye mto Ruiki

Hepburn huyo hakuwa nyota wa kwanza wa Hollywood kuja upande wetu, wala hakuwa Hepburn wa kwanza. Miaka 7 kabla yake, mwaka 1951, Katharine Hepburn, ambaye si ndugu yake, alifika pamoja na Humphrey Bogart kutengeneza The African Queen. Mwongozaji John Huston alikuwa amechagua mto Ruiki, mto mdogo unaoingia Lualaba karibu na Ponthierville, yaani Ubundu. Kambi ya watengeneza filamu ilijengwa mahali panapoitwa Biondo, ndani ya msitu. Bogart alikuja na mke wake Lauren Bacall, naye nyota mkubwa, ambaye hakuwa na nafasi katika filamu lakini alikubali kuishi msituni kwa ajili ya mume wake.

Yaliyowapata huko yanajulikana, kwa sababu Katharine Hepburn mwenyewe aliyaandika katika kitabu kilichotoka mwaka 1987. Siafu waliingia kambini. Maji yalikuwa mabaya, watu wengi wakaugua tumbo, na Hepburn, aliyekuwa akiwasema wenzake kwa ulevi na kunywa maji tu, akaugua kuliko wengine. Bogart na Huston walikunywa whisky na hawakuugua. Kila anayeandika juu ya Bogart hurudia kichekesho hicho.

Kuna kisa kingine kinachosimuliwa kwa kicheko. Mashua yenyewe, ile iliyoipa filamu jina, ilizama usiku mmoja katika mto Ruiki. Inasemekana mwenyeji aliyekuwa ameambiwa aiangalie, aliiangalia mpaka ikafika chini. Wazungu walicheka sana. Lakini mtu aliyepewa amri ya neno moja, katika lugha isiyo yake, bila pampu wala kamba, angefanya nini? Jina la mlinzi huyo halikuandikwa, kwa hiyo hakuna wa kumwuliza.

Baadaye kundi lilihamia Uganda, upande wa Butiaba na maporomoko ya Murchison, kisha likamalizia studio Uingereza. Mwaka 1952 Bogart alipata Oscar kwa filamu hiyo, tuzo pekee ya namna hiyo aliyopata maishani.

Hapo ndipo mtu wa Likasi anapaswa kusogeza kiti karibu, maana filamu hii inamhusu kuliko anavyofikiri. The African Queen ilitolewa katika riwaya ya C. S. Forester ya mwaka 1935, na riwaya hiyo ina asili yake katika vita vya Ziwa Tanganyika. Mwaka 1915 Waingereza walileta mashua mbili ndogo za vita, Mimi na Toutou, ili kupambana na meli za Wajerumani ziwani. Zilishuka Cape Town, zikapanda treni, zikapita Elisabethville na reli ya Katanga mpaka Fungurume. Kutoka hapo reli ilikuwa haijafika mbele. Mashua zilikokotwa na matrekta ya mvuke, ng'ombe na watu, mamia ya watu, kuvuka milima ya Mitumba mpaka Sankisia. Kisha treni tena mpaka Bukama, mto Lualaba mpaka Kabalo, na mwisho Lukuga, Kalemie ya leo. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliikamata meli ya Kijerumani Kingani, na Februari 1916 zikaizamisha Hedwig von Wissmann. Meli kubwa ya tatu, Graf von Götzen, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe Kigoma mwaka 1916. Ilitolewa majini baadaye, ikapewa jina Liemba mwaka 1927, na wasafiri wengi wa Kalemie na Kigoma wanaifahamu kwa jina hilo.

Kwa kifupi, kabla Bogart hajasukuma mashua yake kwenye matope ya filamu, watu wa Katanga walikuwa wamekwisha kusukuma mashua za kweli kwenye milima ya kweli.

Katanga ya Jamaica

Uhuru ulipofika, nyota wa Hollywood hawakurudi. Filamu juu ya Kongo ziliendelea kutengenezwa, ila Kongo ilitafutiwa mbadala.

Mfano unaochekesha na kuumiza pamoja ni filamu ya mwaka 1968 iliyoongozwa na Jack Cardiff, pamoja na Rod Taylor, Yvette Mimieux na Jim Brown, ambaye kabla ya sinema alikuwa bingwa wa mpira wa Kimarekani. Wafaransa waliiita Le Dernier Train du Katanga, treni ya mwisho ya Katanga. Ni habari ya mamluki wanaotumwa na treni kuokoa watu na almasi. Yeyote aliyekulia karibu na reli ya Likasi atatafuta kituo anachokijua, mlima anaoujua, hata mti mmoja wa msitu wa miombo. Hataupata. Treni hiyo ya Katanga ilipigwa picha Jamaica.

Na Cardiff hakuwa mgeni wa nchi. Ndiye aliyekuwa mpiga picha mkuu wa The African Queen mwaka 1951. Aliijua rangi ya mto wetu kwa macho yake.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa Likasi yenyewe. Septemba 1961, mji ukiitwa bado Jadotville, kikosi cha askari wa Ireland wa Umoja wa Mataifa, watu wapatao 155 chini ya komanda Pat Quinlan, kilizungukwa na jeshi la Katanga na mamluki, kikapigana siku kadhaa mpaka risasi na maji vikaisha. Kilijisalimisha bila kupoteza askari hata mmoja. Mwaka 2016 vita hivyo vilifanyiwa filamu, The Siege of Jadotville, na Jamie Dornan akawa Quinlan. Kwa mara ya kwanza jina la zamani la mji lilisimama juu ya matangazo ya filamu duniani kote. Picha zilichukuliwa Afrika Kusini. Tshombe alichezwa na Danny Sapani, Mwingereza. Kuhusu wakaaji wa Jadotville, waliolala chini ya vitanda siku zile risasi zikipita, filamu haina muda.

Patrice Lumumba naye aliletwa katika gereza la Jadotville Januari 1960, akatolewa siku chache baadaye ili aende kwenye mkutano wa Brussels. Filamu ya Raoul Peck juu yake, ya mwaka 2000, ilitengenezwa Zimbabwe na Msumbiji, na Lumumba akachezwa na Eriq Ebouaney, Mfaransa mwenye asili ya Kamerun. Peck alifanya kazi ya heshima, na Kongo ya miaka ile ilikuwa katika vita. Sababu ipo. Hata hivyo orodha inazidi kuwa ndefu.

Wakaboi wa hapa

Je, Wakongo wenyewe walikuwa watazamaji tu? Hapana, na hata kutazama hakukuwa rahisi. Tangu mwaka 1936 utawala wa Wabelgiji uliweka sheria kwamba Mwafrika aonyeshwe tu filamu zilizokubaliwa kwa ajili yake. Pamoja na hayo, filamu za wakaboi zilipenya. Léopoldville katika miaka ya 1950 ilikuwa na vijana walioitwa Bills, kwa jina la Buffalo Bill. Walivaa kama wakaboi, walijipa majina ya kwenye filamu, waligawana mitaa kana kwamba ni Texas, na walitengeneza lugha yao, Hindubill, ambayo imeacha maneno yake katika Kilingala mpaka leo. Mwanahistoria Didier Gondola aliwaandikia kitabu kizima mwaka 2016.

Mapadri kwa upande wao waliona nguvu ya sinema, wakatengeneza ya kwao. Huko Kasai, padri Albert Van Haelst alipiga filamu fupi za kuchekesha za Matamata na Pilipili, mmoja mnene, mwingine mwembamba, ambazo watu wamezilinganisha na zile za Laurel na Hardy. Zilikuwa na mafundisho ya padri ndani yake, na zina harufu ya wakati wake. Lakini hao wawili walikuwa nyota. Watu walicheka wakiwaona tu. Mwaka 1996 Mbelgiji Tristan Bourlard aliwatengenezea filamu ya kumbukumbu.

Baada yao ilikuja kazi ya Ngangura Mweze, mzaliwa wa Bukavu, aliyetoa La Vie est belle pamoja na Benoît Lamy mwaka 1987 na kumfanya Papa Wemba kuwa nyota wa sinema. Mwaka 1999 Ngangura alirudi kutoka Ouagadougou na tuzo kuu ya FESPACO kwa Pièces d'identités. Ni ajabu kwamba kijana wa Mashariki anaweza kukutajia filamu tano za John Wayne, pamoja na Hatari!, ile ya mwaka 1962 iliyopigwa Tanganyika na kupewa jina la Kiswahili, lakini mtu wa Bukavu aliyeshinda FESPACO hamjui.

Buluo hujulikana nje ya Likasi kwa gereza lake. Hakuna anayeitaja kwa sinema. Lakini simu ziko, na mega zikinunuliwa, mtu anaweza kuona The Nun's Story akiwa amekaa nje ya nyumba yake. Mwenye kuipenda filamu ya zamani anaweza kuisimamisha picha pale Hepburn anapopita katikati ya watu, akaituma kwa shangazi aliye Kisangani, akauliza: huyu mama mwenye mtoto mgongoni, upande wa kushoto, kuna anayemfahamu? Sura zinaonekana wazi. Zinnemann alikuwa na mpiga picha mzuri, Franz Planer, na mwanga wa Stanleyville asubuhi haukuficha mtu.

Mashua ya The African Queen, iliyojengwa Uingereza mwaka 1912, bado inaelea. Iko Key Largo, Florida, na watalii hulipa ili waipande.