Somo la Redio: Kuitambua Misitu ya Mikoko

Fungueni madaftari.

Toka Lamu mpaka Rufiji watu husema “mikoko” tu, kana kwamba miti yote ile ni ya namna moja. Sivyo. Msitu hupewa jina kwa mambo mawili: mti ulio mwingi kuliko mingine, na mahali unapoota.

Maji yakipwa, simama kando ya bahari, uelekee bara. Mara nyingi kwanza utaona mililana. Mizizi yake imechomoza matopeni kama vigingi. Huo ni msitu wa mililana. Nyuma yake, penye tope laini, mikoko yenyewe husimama juu ya mizizi iliyopinda. Penye udongo mgumu, ambako maji hayafiki kila siku, kuna mikandaa. Karibu na nchi kavu, penye chumvi nyingi, kuna michu.

Kuna faida gani kujua haya? Ukipanda mkoko mahali pa mchu, mche hufa na kazi yako hupotea. Basi tazama udongo na maji kwanza, ndipo uchague mbegu.

Swali: Kijijini kwenu mti gani ni mwingi, nao huota mahali gani? Andikeni majibu. Kwaherini.