Kutoka Koroboi hadi Sola: Mnara wa Taa wa Chumbe

Sisi tuliokulia Gwarama, huko milimani Kigoma, minara ya taa hatuna habari nayo. Maji makubwa tunayoyajua ni Ziwa Tanganyika, na hata kulifikia ni safari. Kwa hiyo mara ya kwanza nilipopanda boti ya kwenda Unguja, nilidhani ule mnara wa kisiwa cha Chumbe ni wa simu. Jamaa aliyekaa pembeni yangu alicheka mpaka akakohoa.

Aibu ikanipeleka kusoma. Mnara huo ulijengwa na Waingereza mwaka 1904, kama kilomita 12 kusini mwa Mji wa Zanzibar, ili kuongoza vyombo vinavyoelekea bandarini. Na haukuwa wa kwanza. Mbele ya Beit al-Ajaib ulikuwepo mnara wa taa wa Sultani, ukaharibiwa na mizinga ya Waingereza hao hao mwaka 1896, katika vita ambavyo havikumaliza hata saa moja.

Siri ya taa hizi si moto mkubwa, ni kioo. Koroboi inamulika uso wako tu kwa sababu mwanga wake unatawanyika kila upande. Miaka ya 1820 Mfaransa Augustin Fresnel alipanga pete za vioo kuizunguka taa. Kila pete inapinda mwanga ambao ungepotelea juu au chini, na wote unaelekezwa baharini. Moto mdogo, lakini nahodha anauona akiwa mbali.

Shida ni kwamba taa ya mafuta inataka mtu wa kuihudumia usiku kucha. Ndiyo maana Chumbe palijengwa nyumba ya mlinzi na msikiti mdogo, na vyote vipo hadi leo. Mwaka 1926 taa ikahamishiwa kwenye gesi, mtambo wa kampuni ya AGA ya Sweden.

Mhandisi wa AGA, Gustaf Dalén, ndiye aliyebuni vali ya jua. Ndani yake kuna kijiti cheusi kilichozungukwa na vijiti vinavyong'aa. Kukipambazuka, kile cheusi kinanyonya mwanga, kinapata joto, kinarefuka na kufunga gesi. Giza likiingia kinasinyaa, gesi inapita, taa inawaka yenyewe. Hakuna waya wala betri! Dalén alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1912, mwaka ule ule mlipuko wa gesi ulipompofusha.

Sasa minara mingi duniani inatumia sola na taa za LED. Hapo nikajiona nyumbani: hata kwetu kuna kaya zilizotoka kwenye koroboi zikaruka moja kwa moja hadi sola, bila kusubiri nguzo ya umeme.

Utauliza, kama kuna GPS, mnara wa nini? GPS inaweza kuzimika, na mvuvi wa ngalawa huenda hana kabisa. Lakini tusiutwike mnara mzigo usio wake. Tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ilizama karibu na Chumbe hiyo hiyo, mchana kweupe, bahari ikiwa imechafuka na abiria wakiwa wamezidi uwezo wake. Watu wengi walikufa. Taa inaonyesha mwamba ulipo. Kuhesabu abiria na kuahirisha safari ni kazi ya binadamu.

Kwa hiyo ukivuka likizo hii, kabla hujatoa simu kupiga picha, angalia kwanza jaketi la kuokolea liko wapi. Na ukiona boti imejaa kupita kiasi, shuka. Nauli itatafutwa tena.