Babu Asiyeonekana Maabara

Kila asubuhi watu huvuka Lualaba kwa pirogi kutoka Alunguli kwenda ng'ambo ya pili ya mji wa Kindu, na wengi huianza siku kwa chai. Neno hilo asili yake ni Kichina, chá. Lilipitia Uajemi, likaingia katika Kiswahili, na Kiswahili ndicho kilichopanda huku Maniema pamoja na misafara ya wafanyabiashara akina Tippu Tip katika karne ya 19, kwa njia ya Nyangwe na Kasongo. Kinywani, basi, tuna kitu cha China. Mwilini je?

Huko Siyu, kisiwani Pate, karibu na Lamu katika pwani ya Kenya, wapo Wafamau wanaosimulia kwamba baadhi ya mababu zao walikuwa mabaharia Wachina. Merikebu ilizama, waliookoka wakasilimu, wakaoa hapohapo. Simulizi hiyo ina mashiko. Kati ya 1405 na 1433 amiri wa China, Zheng He, aliongoza safari saba za baharini, na baadhi ya merikebu zake zilifika pwani ya Afrika Mashariki. Mwaka 1415 twiga wa Malindi alifikishwa kwa mfalme wa China. Mwaka 2013 watafiti Chapurukha Kusimba na Sloan Williams walitangaza kwamba wamepata sarafu ya mfalme huyo, Yongle, kisiwani Manda, jirani na Pate. Lakini sarafu hupita mikono mingi. Haithibitishi kwamba aliyeileta alikuwa Mchina.

Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa DNA ya watu 80 waliozikwa hasa katika miji ya Waswahili, Faza ya huko Pate ikiwemo. Mama zao walikuwa Waafrika kwa sehemu kubwa mno. Baba waliotoka Asia walikuwa hasa Waajemi, na India ilichangia kidogo. China haimo katika picha hiyo.

Je, wazee wa Siyu wamedanganya? Mimi nasema hapana, na sababu yangu ni hesabu. Una wazazi 2, mababu na mabibi 4, juu yao 8. Ukirudi vizazi 20, yaani miaka kama 600, nafasi za wahenga wako zinafika 1,048,576. DNA nayo hurithiwa kwa vipande, na kila mzazi hukupa nusu tu ya alivyo navyo. Vipande havitoshi kuwafikia wote hao. Mhenga mmoja wa zama za Zheng He, akiwa peke yake katika ukoo, aghalabu hajakuachia hata kipande kimoja. Ni babu yako wa kweli, ila maabara haimwoni. Anayeweza kumpata ni mwanamume aliyetokana naye kwa baba tu, bila kukatika, kwa sababu kromosomu Y hupita toka baba hadi mwana karibu bila kubadilika.

Kwetu Kindu muda ni mfupi zaidi. Mwenye mhenga aliyekuja na misafara, vizazi 5 nyuma, hutarajiwa kubeba kama asilimia 3 ya DNA yake. Bado anaonekana. Kila kizazi kinachofuata kitapunguza nusu.

Wachina wenyewe hawakuiachia damu kazi hii. Koo zao huandika jiapu, kitabu cha nasaba, na kukiongeza kizazi baada ya kizazi. Kile cha ukoo wa mwanafalsafa Confucius, kilipochapishwa upya mwaka 2009, kilikuwa na majina zaidi ya milioni 2, kwa vizazi zaidi ya 80. Ndipo kwa mara ya kwanza mabinti wakaandikwa. Hapo ndipo ninapoumia, maana makaburi ya pwani yametuonyesha kwamba mama ndio waliobeba Uafrika wa Waswahili, nasi tukiulizwa nasaba hutaja baba tu.

Ewe msomaji wa Kindu, kama una wazee walio hai, keti nao wiki hii na daftari. Andika kila jina wanalolikumbuka na kijiji alikotoka mwenye jina hilo, na uanze na mabibi.