Mbona Hot Hatch Ni Bei Poa Japan Lakini Ikifika Mombasa Unashikwa na Kizunguzungu? Hii Hapa Hesabu Yote

Saa saba usiku. Badala ulale, uko kwa simu unacheki ndai za Japan. Umepata kaGTI kekundu, rimu safi, maili chache, na bei iko kwa dola. Unapiga hesabu ya haraka kwa kichwa, unaona, "Ah, hii naweza."

Buda, tulia kwanza. Kabla utume hiyo doo umechanga na chama miaka mitatu, jua vitu viwili. Bei unayoona siyo utakayolipa. Na ndai unayoona si lazima iwe ile jamaa wa YouTube wa Uingereza alikuwa anaisifu.

Kwa wale wageni mjini: hot hatch ni gari dogo la familia, lile la mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu, ambalo kampuni imelitia injini ya vita. Asubuhi linapeleka watoto shule, jioni linaaibisha gari kubwa pale Thika Road. Golf GTI, Civic Type R, GR Yaris, Swift Sport. Hiyo ndio mbogi.

Jina moja, ndai mbili

Anza na Swift Sport, kipenzi cha wenye mfuko mdogo. Ile iliyotoka 2017, msimbo wa bodi ZC33S, ina injini ya lita 1.4 yenye tabo. Ya Japan inatoa nguvu farasi 140 na ina uzito wa kilo 970 tu. Lakini Ulaya sheria za moshi zilibana, na kufikia 2020 ile ya huko ikawekewa mfumo wa haibridi ndogo wa volti 48. Nguvu ikashuka hadi 129, uzito ukapita kilo 1,000. Jina ni lile lile, beji ni ile ile, lakini ukikanyaga mafuta utajua hazikuzaliwa na mama mmoja.

Sasa cheki GR Yaris, na hapa ndio wasee wanaweza kuchomeka vibaya. Ile inayotajwa kila mahali ina injini ya lita 1.6, silinda tatu, tabo, na inasukuma magurudumu yote manne. Ya Japan ilitoka 2020 na farasi 272, ya Ulaya 261. Lakini Japan waliuza pia moja inaitwa RS. Kwa macho ni GR Yaris kabisa, mabega mapana na kila kitu. Fungua boneti: lita 1.5, haina tabo, gia ni CVT, inavuta kwa mbele pekee. Ikiwa mpya, RS iliuzwa yeni milioni 2.65 na ile RZ ya vita ikaanzia yeni milioni 3.96. Kwa hivyo ukiona GR Yaris "ya bei ya kuokota", si bahati imekuangukia. Angalia msimbo wa bodi: GXPA16 ndio mwenyewe, MXPA12 ni RS.

Hata jua linaingia kwa hii story. Golf R ya kizazi cha saba Ulaya ilikuwa na farasi 300 ikianza, lakini Australia, kwa sababu ya joto, ikapunguzwa hadi 280. Na ndai za soko la Japan kwa kawaida hufungwa spidi zisipite 180 kwa saa. Hiyo ya mwisho isikunyime usingizi. Hapa Kenya kisheria huruhusiwi kupita 110 popote.

Nani anaweka bei? Si kampuni peke yake

Chukua Honda Civic Type R ya 2022, ile FL5. Zote zinaundwa Japan, kiwanda kimoja pale Yorii. Zilipotoka, Japan bei ilikuwa karibu yeni milioni 5. Marekani dola 42,895. Uingereza pauni 46,995.

Ukiangalia tu nambari utadhani Waingereza wananyongwa. Ni kweli kiasi, lakini pia bei ya Uingereza tayari ina VAT ya asilimia 20 ndani. Ya Marekani haina kodi ya mauzo, hiyo inaongezwa kulingana na jimbo unaloishi, na usafirishaji pia unalipiwa kando. Ya Japan ina kodi ya asilimia 10 ndani, na haikupanda meli kuvuka bahari. Kwa hivyo ukilinganisha bei za nchi mbili, uliza kwanza: kodi iko ndani ama iko nje?

Halafu kuna nchi ambazo serikali imeamua gari ni anasa. Singapore lazima kwanza ununue cheti cha kukuruhusu kumiliki gari kwa miaka 10, na kinauzwa kwa mnada. Oktoba 2023, cheti cha kundi la gari zenye nguvu kilifika dola 150,001 za Singapore. Hiyo ni karatasi tu, hata usukani hujashika! Denmark kodi ya usajili inapanda kwa ngazi hadi asilimia 150 kwa sehemu ya juu ya bei. Ufaransa wanaadhibu moshi: 2025, gari jipya lililozidi gramu 192 za kaboni kwa kilomita lilitozwa euro 70,000 juu ya bei. Ndio maana hizi ndai zinapungua Ulaya. Kampuni inaona ni heri iache kuleta.

Zingine hutapata hata ukiwa na ganji

Marekani hawajawahi kuuziwa GR Yaris. Walipewa GR Corolla badala yake, farasi 300, injini ya familia ile ile. Ulaya nao hawakupewa hiyo Corolla. Polo GTI na Renault Megane RS hazijawahi kuuzwa Marekani. Na Mmarekani akitaka kuingiza mwenyewe gari ambalo halikuundwa kwa sheria zao za usalama, kwa kawaida anangoja lifikishe miaka 25.

Sisi huku sheria imegeuka kichwa chini. Wao wanataka gari likiwa zee, sisi tunalikataa likizeeka. KEBS hairuhusu gari lililopita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na usukani lazima uwe kulia. Hiyo inamaanisha GR Corolla ya binamu yako wa Texas isahau. Soko lako ni Japan, Uingereza, na nchi nyingine za usukani wa kulia.

Chunga tarehe pia. Gari lililosajiliwa 2018 mwisho wake wa kuingia ulikuwa Desemba 31, 2025. Kila Januari mwaka mmoja unakatwa. Ukinunua la mwaka wa mwisho mwezi wa Novemba na meli ichelewe, hiyo ni shida yako, si ya nahodha.

Sasa tuje nyumbani: KRA

Hapa ndio wengi wanalilia. KRA haijali ulibageni hadi ukalipa ngapi. Inaanza na CRSP, orodha yake ya bei za magari yakiwa mapya hapa Kenya, inatoa kodi zilizomo, inatoa uchakavu kulingana na umri, na inayobaki ndio thamani ya kutozwa. Kwa hivyo ukipunguziwa dola 500 kule Japan, umefaidika hizo 500 tu. Kodi haitingishiki.

Tufanye mfano na viwango vya 2025. Chukulia thamani ya forodha ni Sh1,000,000 na injini ni chini ya sisi 1,500, kama Swift Sport:

- Ushuru wa kuingiza, asilimia 35: Sh350,000
- Ushuru wa bidhaa, asilimia 20 ya jumla hiyo: Sh270,000
- VAT, asilimia 16 ya yote hayo: Sh259,200
- Ada ya tamko la uagizaji, asilimia 2.5: Sh25,000
- Tozo ya reli, asilimia 2: Sh20,000

Jumla ya kodi: Sh924,200. Karibu thamani yenyewe!

Weka injini ya lita 2.0 kama ya GTI, thamani ikiwa ile ile. Ushuru wa bidhaa unaruka hadi asilimia 25 na jumla inakuwa Sh1,002,500. Tofauti ni Sh78,300 kwa sababu ya saizi ya injini pekee. Na kumbuka hizi ni kodi tu. Bei ya gari, meli, gharama za bandari, ajenti na namba pleti bado zinakungoja mlangoni.

Japan ama Uingereza?

Ya Japan huwa imetunzwa, maana ukaguzi wao ni mkali na kila miaka 2 unagharimu. Ndio maana wengi huuza mapema. Lakini redio yao ya FM inaanzia 76 na huishia 90 ama 95, kwa hivyo stesheni zako nyingi hazitashika bila kifaa cha kuongeza. Ramani inaongea Kijapani, na kila ukiwasha yule dada anakusalimia kuhusu kadi ya barabara ambayo hutawahi kuwa nayo. Pia, petroli ya premium huko huwa na oktani kama 100. Super yetu ya kawaida haifiki hapo, kwa hivyo weka bajeti ya mafuta ya daraja la juu.

Ya Uingereza redio na lugha ziko sawa, lakini mita ya spidi inasoma maili, na chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa baridi inakula vyuma chini. Itisha picha za chini ya gari, si za rimu.

Kabla utume doo

Moja, soma msimbo wa bodi na injini, usisome beji. Beji inauzwa River Road. Mbili, tafuta CRSP ya modeli hiyo hiyo na upige hesabu ya kodi kabla uongee na muuzaji. Tatu, itisha karatasi ya mnada na ripoti ya ukaguzi. Nne, uliza fundi wako bei ya klachi, tabo na giaboksi leo, si siku itakapokufa.

Ukimaliza hiyo hesabu na bado unatabasamu, mwanangu, agiza. Ukimaliza umenyamaza, funga simu ulale. Chama kitakushukuru.