Saa 48 za Mdogo Wangu

Mdogo wangu alisimama kwenye mkutano wa hadhara akauliza ushuru wa gulio unakwenda wapi. Hakumtukana mtu. Kiongozi aliyekaa meza kuu akawageukia askari: "Mwekeni ndani, saa 48."

Ilikuwa Jumatatu, saa 5 asubuhi. Niliandika muda ule kwenye daftari langu la vikoba, bila kujua utanifaa nini. Mimi na mama tukaenda kukaa nje ya kituo na chupa ya uji. Tulidhani saa 48 ni hukumu: mtu anazitumikia, zikiisha anarudi nyumbani.

Leo mimi ni msaidizi wa kisheria, na wanaonijia bado wanadhani hivyo. Swali lao ni lilelile: mkuu wa wilaya ana mamlaka ya kumweka mtu ndani? Anayo. Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inampa, kifungu cha 15, na mkuu wa mkoa anapewa na kifungu cha 7. Lakini mtu awe ametenda kosa la jinai, au kuwe na sababu ya kuamini kwamba atavunja amani na hakuna njia nyingine ya kumzuia. Kuuliza habari za ushuru hakumo.

Sheria hiyohiyo inamwekea kiongozi mipaka. Lazima aandike sababu za amri yake, na nakala imfikie hakimu. Aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Zikipita hajafikishwa, aachiwe. Kiongozi akiyatumia vibaya mamlaka hayo, anaweza kushtakiwa kwa Kanuni ya Adhabu. Kwa hiyo saa 48 si adhabu ya mtu yeyote. Ni ukomo aliowekewa anayekamata.

Babu yangu alikuwa akilitaja neno "kizuizini" kwa sauti ya chini. Sheria ya 1962 ilimruhusu Rais kumweka mtu kizuizini bila kesi, na amri yake haikuhojiwa mahakamani. Mwaka 1984 haki za raia ziliingizwa kwenye Katiba, na ibara ya 15 ikakataza mtu kunyang'anywa uhuru wake pasipo kufuata utaratibu wa sheria. Mwaka 1985 sheria ile ikarekebishwa, mlango wa mahakama ukafunguka. Ndugu wa aliyeshikiliwa wanaweza pia kuiomba Mahakama Kuu imwamuru anayemshikilia amlete mbele ya jaji na aeleze anamshikilia kwa sheria ipi.

Ulinzi huo upo, ila hauamki wenyewe. Unaamshwa na ndugu anayefika kaunta ya kituo na kuuliza kwa adabu: Amekamatwa kwa amri ya nani? Sababu zilizoandikwa ziko wapi? Anapelekwa kwa hakimu lini?

Sisi hatukuuliza. Mdogo wangu alitoka Jumatano, saa 10 jioni. Nilihesabu kwenye daftari: saa 53. Hakuonana na hakimu, hakuonyeshwa karatasi yoyote. Uji tulikuwa tumeupika mara tatu. Tangu siku hiyo hajasimama tena kwenye mkutano, na gulioni hakuna aliyeuliza tena habari za ushuru.

Ndiyo maana simu ikilia usiku na mama wa watu analia kwamba mwanawe amechukuliwa, nampa pole, kisha namuuliza kabla ya yote: "Wamemchukua saa ngapi, mama? Andika."